Mgeni wa Mfuko

Barua ya Mfuko ilifika Sumbawanga mwezi wa Mei mwaka 1979, ikiwa imekaa njiani wiki saba. Anyelwisye aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama pale pale posta. Akaikunja, akatembea nayo hadi Kizwite, akafungua ofisi, akakaa, akaisoma tena. Mara ya tatu aliisoma akiwa na penseli mkononi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ambacho mapadre walimwazima bila kumwuliza anasali wapi, ingawa walijua wazi kwamba yeye ni Mmoraviani wa kutoka Tukuyu. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, benchi la wageni na mashine ya kupiga chapa. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: MSAADA WA HAKI KWA WAJANE.

Kabla ya kazi hii alikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa. Kiingereza alijifunza mwenyewe, kwa kusoma majalada ya kesi na kamusi isiyo na jalada. Kifipa alikipata benchini, kwa kusikiliza. Alipostaafu mwaka 1975, Mfuko mmoja wa hisani kutoka nchi ya theluji ulikuwa unatafuta mtu wa namna yake. Maana mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mashamba yakapimwa upya, na kila shamba likaandikwa jina la baba mwenye nyumba. Baba alipofariki, daftari la kijiji lilibaki na jina la marehemu, na ndugu wa marehemu wakasema jina hilo ni letu. Wajane wakaanza kuja mjini kwa miguu, wengine wakiwa na watoto mgongoni, kuuliza kama kuna mtu anayeweza kuwaandikia.

Anyelwisye akawaandikia. Katika miaka minne aliwaandikia wanawake sitini na watatu, na thelathini na mmoja kati yao walirudi kwenye mashamba yao. Hakuwahi kujisifu kwa hao. Aliowakumbuka zaidi ni wale wengine.

Sasa barua ilisema hivi, alivyoifasiri kichwani mwake: Baraza la Mfuko limetafakari upya vipaumbele vyake. Katika kipindi kijacho nguvu zitaelekezwa kwenye maji safi vijijini. Kazi za haki zitaendelea kufikiriwa pale tu ambapo uhitaji utathibitishwa na sauti za walengwa wenyewe. Kwa sababu hiyo Bi Lisbet, mwakilishi wa Mfuko, atafika mwezi wa Julai kuzungumza nao ana kwa ana. Uamuzi wake ndio utakaosema kama ofisi itaendelea baada ya Desemba.

Anyelwisye aliweka mstari chini ya neno Desemba. Kisha akatoa jalada la Zita.

Zita alikuwa mjane wa kijiji kipya karibu na Msanzi, kijiji kilichopewa jina la Tupendane. Shamba lake lilikuwa ekari tatu za udongo mweusi, la mahindi na ulezi, ambalo yeye na marehemu mumewe walikuwa wamelilima kwa matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani, kama Wafipa walivyolima tangu zamani. Mume alipofariki, shemeji yake Adolfu alilichukua. Zita alishtaki Mahakama ya Mwanzo akashinda, akarudi kulilima. Adolfu akakata rufaa. Rufaa ilikuwa isikilizwe mapema mwaka 1980, na ilihitaji majibu ya maandishi, nakala za mwenendo wa kesi, na mashahidi watatu wazee waletwe mjini kwa lori. Bila ofisi, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingefanyika. Na Zita alikuwa na watoto wanne waliokula kutoka shamba hilo hilo.

Jioni alikwenda kumwona Tuntufye, mtu wa kwao Tukuyu, aliyekuwa afisa maendeleo na aliyewahi kuandika maombi ya misaada mengi kuliko mtu yeyote wa mkoa ule.

Tuntufye aliisoma barua akicheka kimoyomoyo. "Kaka, hii umeshangaa nini? Wenzetu kule wana misimu kama sisi. Sisi tuna msimu wa mahindi na msimu wa ulezi. Wao walikuwa na msimu wa kisomo. Unakumbuka? Kila kijiji madaftari na ubao mweusi. Wakachoka. Ukaja msimu wa haki, ndio huo uliokuokota wewe. Sasa ni maji."

"Haki ya Zita haijaisha."

"Na kisomo kiliisha? Nenda leo Ilemba uulize wangapi wanasoma." Tuntufye alimrudishia barua. "Nikupe dawa? Andika kwamba wajane wanakosa maji. Wanakosa haki ya maji. Unaona? Maneno yako yale yale, unatia maji juu yake, kama mchuzi wa watu wengi."

"Si kweli lakini."

"Si kweli! Wewe mahakama ilikuharibu." Alicheka tena, halafu akakaza uso. "Basi kama hutaki hivyo, nisikilize kwa hili moja. Huyo mama akija, mpeleke Tupendane ghafla. Usitangaze. Mgeni aliyetangazwa haoni kitu."

Anyelwisye alilifikiria neno hilo njia nzima. Lakini kumpeleka mgeni wa nje kijijini bila taarifa kwa mwenyekiti lilikuwa jambo la kumtia mtu matatani miaka ile, na tena halikuwa jambo la adabu. Wiki mbili kabla ya ugeni alimwandikia mwenyekiti wa Tupendane barua, nakala kwa katibu kata, akieleza tarehe, saa, jina la mgeni na nchi yake. Kama ilivyotakiwa.

Kisha akapanda lori hadi Msanzi na kutembea hadi kwa Zita. Alimkuta akipepeta ulezi nyuma ya nyumba, upepo wa Juni ukimsaidia kazi.

"Shikamoo, baba Suma," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa jambo moja tu, nataka tulielewane." Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mgeni anakuja kuona shida. Si kuona mambo mazuri. Akikuuliza, mwambie kama ulivyoniambia mimi siku ya kwanza. Shamba lilichukuliwaje, watoto wanakula nini, nani alikufukuza na jembe. Usipunguze."

"Nitasema."

"Na usihangaike kupika. Chai inatosha, hata bila sukari. Sukari yenyewe haipo dukani, anajua."

Zita aliacha kupepeta. "Mtu atoke nchi za mbali, afike kwangu, anywe chai kavu?"

"Ndivyo anavyotaka kuona."

"Hakuna mtu anayetaka kuona hivyo, baba Suma." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa mwenzake. "Lakini kusema nitasema. Nimekuahidi."

Bi Lisbet alifika siku ya Jumanne, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye viatu vizito na daftari dogo la bluu. Alijua kusema "habari" na "asante," na alizisema kwa kila mtu, hata kwa mbwa wa mapadre. Anyelwisye alimpenda. Njiani alimweleza kesi ya Zita tangu mwanzo, naye aliandika kurasa tatu. Alisema kwamba yeye binafsi aliamini katika kazi ya haki, na kwamba barazani kwao wamebaki wawili tu wanaoipigania. "Nipe kitu cha kuwapelekea," alisema. "Maneno yake mwenyewe. Siku hizi hawataki tena kusikia makarani wakiwasemea watu."

Gari lilipoiacha barabara na kuingia Tupendane, Anyelwisye alijua kwamba barua yake ilikuwa imefanya kazi kupita kiasi.

Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi ukang'aa. Vibanda viwili vibovu vilivyokuwa karibu na njia vilikuwa vimekandikwa udongo mpya. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga zao za Pasaka, na walipoliona gari walipiga magoti na kupiga makofi ya taratibu, kama Wafipa wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Mbele ya nyumba ya Zita kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe kilichotariziwa, viti vinne vya mwalimu mkuu, na sahani za bati zisizo na pengo hata moja, zilizokusanywa kutoka nyumba saba. Kulikuwa na sukari kwenye bakuli. Hakuna aliyesema ilipatikana wapi.

Na mlangoni kwa Zita, amevaa koti jeusi la harusi yake, alisimama Adolfu.

"Karibuni, karibuni nyumbani," alisema. "Mzee Karani, karibu. Mwambie mgeni wetu ajisikie yuko kwao."

Anyelwisye alimtafuta Zita kwa macho. Alikuwa amepiga magoti karibu na mtungi wa pombe ya ulezi, akiinamisha kichwa.

Baadaye Anyelwisye alilielewa lote, na hata alipolielewa hakuweza kusema ni hila au ni heshima. Zita alikuwa na kuku mmoja tu. Ukoo ulipokutana kuzungumzia ugeni, walikubaliana kwamba mgeni wa namna ile hapikiwi kuku. Adolfu, akiwa mkubwa wa nyumba ile tangu kaka yake afe, akasema mbuzi atamtoa yeye. Na ilikuwa desturi, isiyo na mjadala, kwamba siku mgeni wa ukoo amekaa mezani, ugomvi wa ukoo unawekwa chini hadi mgeni avuke mto. Hata watu walioshikiana mapanga wangekaa benchi moja siku hiyo, wakapeana mapande ya nyama, na kesho wakashikiana tena.

Walikula. Bi Lisbet alipewa maini, akayala yote, na wanawake wakashangilia. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi juu ya kujitegemea na vita vilivyokwisha Uganda. Adolfu alisimama akasema kwamba huyu Zita ni mke wa ndugu yetu, ni mtu wetu, na kwamba ukoo wake hautamwacha. Anyelwisye alitafsiri yote, sentensi baada ya sentensi.

Kisha Bi Lisbet akafungua daftari la bluu na kumgeukia Zita. "Mwulize," alisema, "shamba lake lilichukuliwaje, na maisha yake yakoje sasa."

Anyelwisye aliuliza kwa Kifipa, polepole, ili kila neno lifike. Adolfu alikuwa ameshika mfupa wa mbuzi, akiutazama tu.

Zita alisogeza mikono yake, akaiweka juu ya magoti.

"Mwambie mgeni tunashukuru Mungu," alisema. "Mwambie tunaishi vizuri. Shamba lipo, ni la nyumba yetu. Ukoo wa mume wangu wamekaa nami vizuri. Mwambie asante kwa kuja."

Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni Anyelwisye na mgeni tu waliojua Kiingereza. Angeweza kusema lolote. Yale aliyoyajua yalikuwa kweli kuliko yale aliyoyasikia, na mtu mwingine asingejua kamwe. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameapa, kila asubuhi, kutafsiri kama lilivyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza. Aliwahi kutafsiri maneno yaliyompeleka mtu kifungoni huku akijua mtu huyo alikosea kusema tu. Siku ile alirudi nyumbani asile. Lakini aliyatafsiri.

"Anasema wanamshukuru Mungu," alisema kwa Kiingereza. "Anasema wanaishi vizuri." Na akaendelea hadi mwisho.

Bi Lisbet aliandika. Akamwangalia Anyelwisye, akaangalia meza, kitambaa, sukari, koti la Adolfu. Akauliza tena kwa njia nyingine, kama kuna jambo lolote linalowasumbua wanawake wa hapa. Wanawake walitazamana. Mmoja wao, bibi mzee aitwaye Kalista, akacheka akasema: "Maji, mama. Mto uko mbali, na magoti yetu yamekwisha."

Wote wakacheka naye, kwa faraja ya mtu aliyepata jambo la kumwambia mgeni lisilomgusa yeyote. Anyelwisye akalitafsiri hilo pia.

Walikuwa njiani kurudi, wameanza kuona mabati ya mjini.

"Alivyosema sivyo ilivyo," Anyelwisye alisema hatimaye.

"Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Ulitafsiri sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi, Bwana Anyelwisye, unataka nifanye nini? Nirudi kule nikawaambie mjane alisema anaishi vizuri, lakini karani wake anasema sivyo? Hilo ndilo hasa wanalosema juu yetu. Kwamba tunawasemea watu ambao hawajalalamika." Hakusema kwa hasira. Alionekana mtu aliyechoka. "Ningeweza kulipigania jambo hili kwa sentensi moja yake. Moja tu."

Wiki iliyofuata Zita alikuja Kizwite. Alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kitenge kimefunika mabega.

"Umenikasirikia, baba Suma."

"Sijakasirika. Nataka kujua tu."

"Mgeni kala mbuzi wa Adolfu mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyempakulia. Sasa nimseme mwenye mbuzi mbele ya aliyekula, huku mfupa bado uko sahanini? Hata mtoto wangu angeniona mwehu." Alikunja ncha ya kitenge. "Nilijua atarudi. Nikasema siku akirudi bila watu, nitamweleza yote. Wageni si hurudi?"

Anyelwisye aliona heri amwambie. "Huyu hatarudi, mama."

"Lakini wewe unajua yote. Umeyaandika. Si ungemwambia?"

"Nilimwambia. Alitaka kulisikia kwako."

Zita aliangalia mashine ya kupiga chapa kana kwamba yenyewe ndiyo iliyotakiwa kuliona tatizo. "Basi nilikosa," alisema.

"Hukukosa. Nami sijui nani alikosa."

Barua ya pili ilifika mwezi wa Septemba, na hii haikukawia. Mfuko uliishukuru ofisi kwa kazi njema. Ulifurahi kuona kwamba migogoro ya wajane inamalizwa na jamii zenyewe, kwa mshikamano wa ukoo, kama ilivyoshuhudiwa Tupendane. Kwa hiyo kazi ya ofisi ilihesabiwa kuwa imekamilika, na ingefungwa Desemba. Na kwa kuitikia sauti za wanawake wenyewe, Mfuko ungechimba kisima cha pampu kijijini hapo.

Anyelwisye alijibu kwa ukurasa mmoja na nusu. Hakupata jibu.

Mafundi walikuja Oktoba, kabla ya mvua. Walizunguka kijiji wakipima, wakasema maji yako karibu zaidi kwenye pembe ya chini ya lile shamba la udongo mweusi. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti akauliza nani anatoa eneo. Adolfu akasimama, akasema yeye anatoa, kwa moyo mmoja, kwa ajili ya kina mama. Watu wakapiga makofi. Katibu akaandika: "Ndugu Adolfu ametoa sehemu ya shamba lake kwa ajili ya kisima." Mahudhurio yakaandikwa chini, wanaume kwanza, kisha wanawake, na jina la Zita lilikuwa la tisa.

Habari hiyo haikumfikia Anyelwisye mpaka Januari. Baiskeli ya ofisi ilikuwa imerudishwa, kibao kimeshushwa, na mapadre walikuwa wamekipa chumba kazi ya kuhifadhi saruji. Aliisikia kwa mpita njia, dereva wa lori aliyeisifu pampu. Alisimama barabarani akaomba arudiwe tena jina la aliyetoa eneo.

Alimtafuta Tuntufye siku hiyo hiyo. Tuntufye hakucheka.

"Muhtasari una mhuri wa kijiji?"

"Hauwezi kukosa."

"Basi ni karatasi, kaka. Wewe unajua karatasi kuliko mimi."

Rufaa ilisikilizwa Februari 1980. Anyelwisye alikuwa ameandika majibu ya Zita usiku na mchana kwa mkono, maana mashine ya kupiga chapa ilikuwa ya Mfuko. Kati ya mashahidi watatu wazee alikuja mmoja, Sebastiani, aliyetembea siku mbili. Wa pili alikuwa mgonjwa. Wa tatu alikuwa amefariki wakati wa Krismasi. Anyelwisye alikaa benchi la nyuma, la wasikilizaji, mahali ambapo katika miaka yake yote ya mahakama hakuwahi kukaa.

Adolfu hakusema mengi. Alitoa muhtasari wa mkutano wa kijiji, ukasomwa kwa sauti.

Hakimu, kijana mtulivu, alimgeukia Zita. "Jina hili la tisa ni lako?"

"Ni langu, mheshimiwa."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Aliposema anatoa sehemu ya shamba lake, ulipinga?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini hukupinga, kama shamba ni lako?"

Zita alitazama chini. "Walikuwa wanaomba maji," alisema.

Hakimu aliyaandika. Sebastiani alieleza mipaka ya shamba kama alivyoikumbuka, mti kwa mti, lakini miti aliyoitaja ilikuwa imekatwa mwaka wa kuhamia. Hukumu ilisomwa baada ya siku tisa. Rufaa ya Adolfu ilikubaliwa. Anyelwisye aliisoma nakala mara mbili akitafuta kosa, na kwa haki aliyoijua, kwa ushahidi uliokuwa mezani, hakuliona.

Mwezi wa Aprili, mvua zikielekea kuisha, Zita alikuja nyumbani kwake Kizwite. Atusaye, mke wa Anyelwisye, alimkaribisha barazani na kumpa kiti. Zita alikuwa ameleta unga wa ulezi kwenye kikapu kidogo, wa kununua, si wa kulima. Alikuwa akiishi kwa kaka yake sasa, upande wa pili wa kijiji, na watoto wawili wakubwa alikuwa amewapeleka kwa ndugu huko Ilemba.

"Nimetumwa," alisema. "Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji. Mwenyekiti amesema Mfuko unataka barua ya shukrani, na iwe ya mwanamke. Wakapendekeza mimi, kwa kuwa mgeni alinijua."

Atusaye aliingia ndani ghafla, kama mtu aliyesikia chungu kikifurika.

Anyelwisye alileta karatasi, kalamu na ubao wa kuandikia. Alifikiri yale ambayo barua ile ingeweza kusema, na mtu ambaye angeisoma kule, na ofisi ambayo ingeiweka kwenye jalada, na msimu ambao huenda ulikuwa umekwisha kugeuka tena wakati wao wamekaa hapa.

"Kuna jambo lingine ungependa niwaandikie?" aliuliza. "Lolote. Mama, sasa mgeni hayupo mezani."

Zita alilifikiria kwa kweli. Alitazama mikono yake, akatazama barabara ambako lori la Msanzi lilikuwa limeanza kupakia watu.

"Wakijua, watang'oa pampu?"

"Sidhani."

"Watarudisha shamba?"

"Hapana. Hilo haliko mikononi mwao."

"Basi andika maji ni mengi," alisema Zita, "na ni matamu. Na andika upesi, baba Suma, dereva yule hangoji mtu."

Anyelwisye aliandika. Zita alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya karatasi, akakifutia kwenye majani ya barazani, akashuka kwenda kutafuta nafasi kwenye lori.